Waliokatwa Pembeni

Maktaba ya chuo ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Kama kawaida mlango wa kioo ulikwama nusu, ikabidi wanafunzi waingie kwa ubavu, mmoja mmoja, mabegi yakitangulia. Msomi alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya dirishani, ile ambayo herufi M ya kibodi ilikuwa imeng'oka, na ukiitaka ulidonoa kishimo chake kwa ncha ya kalamu. Kompyuta nyingine zilikuwa na herufi zote lakini hazikuwa na mtandao.

Jina la Msomi alipewa nyumbani, kwa mapenzi kidogo na kejeli nyingi. Alikuwa mwaka wa mwisho, somo la historia, na tasnifu yake ilihusu mgomo wa wasichana wa simu. Hao ni wale mabinti wa zamani waliokaa mbele ya ubao wenye matundu, vipokea sauti masikioni, wakichomeka waya wa huyu kwa yule ili mji uweze kuongea. Bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wao.

Bibi hakuomba kuandikwa yeye.

"Mimi niache," alisema, akigeuza sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa zamani kazini. "Niandikie Kengele."

Kengele alikuwa rafiki yake, aliyekaa kiti cha jirani na kuitwa hivyo kwa sababu ya kicheko chake. Wasichana walikuwa wameomba mara nyingi wawekewe waya wa kupeleka radi ardhini, kwani kila mvua iliponyesha vipokea sauti viliwapiga shoti. Walijibiwa kwamba mvua haiingii ndani. Siku moja radi ilipiga nguzo, ikafuata waya, ikaingia ndani na kumwingia Kengele sikioni. Alilazwa hospitali akiwa bado anapumua. Hakutoka.

"Waliomjua wote wamekwisha," Bibi alisema. "Nimebaki mimi, na mimi ndiyo hivi unavyoniona, nguo kuukuu. Nataka nimwone ameandikwa mahali kabla sijaondoka."

Msomi alimwahidi. Alikuwa na moyo wa kuahidi upesi, na aliamini kwa dhati kwamba kitu kikiwa kweli, kukiandika ni suala la kukaa kitako tu.

Tatizo lilikuwa msimamizi wake wa tasnifu. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria moja tu, nayo aliibandika mlangoni mwa ofisi yake: CHANZO KISICHO NA LINKI NI UMBEA. Alitaka kila sentensi iwe na anwani yake mtandaoni, mtu abonyeze aone. Na kwa bahati nzuri, aliwaambia wanafunzi, lile gazeti kongwe la nchi lilikuwa limepandisha matoleo yake yote ya zamani mtandaoni. Nakala za karatasi, kwa kuwa hazikuhitajika tena, ziliishia dukani kufungia misumari.

Kwa hiyo Msomi alikaa dirishani na kutafuta. Aliandika *mgomo*. Hifadhi ya gazeti ikajibu: *Hakuna matokeo. Je, ulitaka mgomba?* Aliandika *radi*, ikamletea timu ya mpira. Aliandika *kengele*, ikamletea tangazo la kengele za baiskeli. Akiwa amekata tamaa, aliandika *wasichana wa simu, pongezi*, na hapo matokeo yakamiminika, ya kwanza yakiwa ni picha.

Katikati ya picha alisimama Mkubwa wa enzi hizo, anatabasamu. Kutoka ukingo wa kushoto uliingia mkono wa mwanamke, kuanzia juu kidogo ya kiwiko, kidole kikimwelekea Mkubwa kifuani. Mkono ule ulikuwa wa kulia na ulivaa saa, uso wa saa ukiwa upande wa ndani. Bibi huvaa saa hivyo hivyo mpaka leo. Maelezo ya picha yalisema: *Mkubwa apokea pongezi za wasichana wa simu.* Chini yake kompyuta ilikuwa imeongeza maneno yake ya utafutaji: *mkono, mwanamke, furaha.*

Msomi aliipiga picha ile kwa simu yake, akaenda kaunta.

"Samahani, kaka. Mwenye mkono huu yupo?"

Mkutubi aliinamia simu ya Msomi, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Aliyekatwa kushoto? Yupo. Pale nyuma, kwenye majarida. Ila ujipange, ana maswali huyo."

Tangu gazeti lipandishwe mtandaoni, waliokatwa pembeni walikuwa wakija maktaba. Picha za zamani zilikuwa pana na visanduku vya mtandaoni ni mraba, kwa hiyo waliosimama kandokando walibaki nje, na mtu hawezi kukosa pa kukaa. Mkutubi aliwapa kadi za wageni na kuwaomba wasile juu ya meza. Kulikuwa na golikipa aliyepasuliwa wima, akikaa kwa kuegemea ukuta. Kulikuwa na bwana harusi ambaye bibi harusi wake alibaki mtandaoni na mpambe. Nje, kwenye maegesho ya baiskeli, ilifungwa nusu ya nyuma ya fahali aliyeshinda maonyesho ya kilimo, wakati nusu ya mbele ikiendelea kuvishwa utepe. Nusu hii haikula, kwa kuwa haikuwa na mdomo, lakini haikuacha kunya, na kinyesi chake kilikuwa cha kijivu. Mfagizi alilalamika kwa wakuu. Alijibiwa kwamba mnyama huyo hayumo katika mali za chuo, hivyo hawezi kuwa amechafua.

Msichana aliketi kwenye majarida, akipekua kurasa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa wa kijivu toka nywele mpaka kucha, na ukimkaribia uliona ni vitone vitupu, vingi vikiwa vimebanana. Mkono wa kulia uliishia juu ya kiwiko, kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Ndani palikuwa peupe, kama karatasi.

"Shikamoo," Msomi alisema.

"Wee! Shikamoo ya nini? Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Mimi ishirini na mbili. Si ningekuamkia mimi?"

"Mimi ni mjukuu wako."

Msichana alifikiri kidogo. Halafu alijiweka sawa kitini, akavuta pumzi kama mtu mzima. "Basi marahaba, mjukuu wangu. Kumbe nitaolewa. Haya, niambie, Kengele wameshamtoa hospitali?"

"Bado," Msomi alisema.

"Wanachelewesha nini? Hebu kaa, usinisimamie kama polisi."

Msomi alikaa, akawasha kinasa sauti cha simu, naye msichana akasimulia. Mgomo wao haukuwa wa kuondoka, kwa sababu aliyeondoka kitini alifukuzwa kazi. Walibaki wamekaa, wanyenyekevu kabisa, wakaunganisha kila simu ya mji kwenye meza ya Mkubwa. Mtu alimtafuta fundi bomba, akampata Mkubwa. Mwingine alimpigia shemeji yake kumtukana, akamtukana Mkubwa. Kufika adhuhuri Mkubwa alikuwa ameahidi kuzibua vyoo viwili, na mume wa mtu alikuwa amemwomba radhi akilia. Ndipo alipokuja mwenyewe kituoni, na mpiga picha nyuma yake.

"Nikamfuata," msichana alisema, akanyoosha kile kipande cha mkono. "Nikamwambia hapa, kifuani: mtu amechomwa mpaka ndani ya kichwa, na wewe unasema mvua haiingii ndani?"

"Akajibu nini?"

"Akamgeukia mpiga picha, akatabasamu. Lakini ujumbe umefika. Jumatatu tunarudi kazini, tutaukuta waya."

Msomi alijua kwamba Jumatatu hiyo walikuta mlango umefungwa na majina yao yamebandikwa nje, na kwamba hakuna aliyerudi. Alizima kinasa sauti.

Siku ya pili alimpeleka kwa Msimamizi. Msimamizi aliinuka, akampa mgeni kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, hata akatikisa kichwa kwa masikitiko pale pa kutikisa.

"Pole sana, dada," alisema. "Maelezo yako ni mazuri mno. Sasa, una linki?"

"Sina."

"Umehifadhiwa wapi?"

"Nilikuwa gazetini. Wamenikata."

"Hapo ndipo penye shida." Alimgeukia Msomi kwa upole wa kweli. "Huyu yuko nje ya picha. Aliye nje ya picha yuko nje ya mada. Mimi nakushauri kama mwanangu: andika juu ya pongezi. Pongezi zina vyanzo mpaka basi. Utamaliza mapema, upumzike."

"Lakini mwalimu, hawakumpongeza. Unamwona. Ndiye huyu."

"Namwona. Kuona si kunukuu."

"Mwalimu wenu huyu," msichana aliuliza wakiwa ngazini, "mvua ikinyesha anajua imenyesha, au anasubiri gazeti?"

Msomi hakutaka kucheka, akacheka. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa na imani na binadamu, alisema, "Twende gazetini. Wakijua, watarekebisha."

Ofisi ya hifadhi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye baridi ya mashine na kijana mmoja mchangamfu mbele ya skrini mbili. Aliwakaribisha chai. Alipomwona msichana alisema, "Kushoto, eh? Wa kushoto ni wengi kuliko wa kulia, sijui kwa nini."

Akawaeleza kazi inavyofanyika. Picha ikiingia, programu inatafuta uso wa mtu mkubwa kuliko wote, inamweka katikati, halafu inakata kinachozidi. Mtu mkubwa inamjuaje? Inamjua kwa maelezo ya picha. Na maelezo? Maelezo ni yale yale yaliyochapishwa siku ile. "Sisi hatuandiki historia," kijana alisema. "Tunaipandisha tu."

"Basi sogeza kisanduku kidogo kushoto," Msomi alimsihi. "Kidogo tu, aingie."

"Akiingia huyu, upande wa pili lazima kitu kitoke."

"Kitoke."

Kijana alikuwa na roho nzuri. Akashika kipanya, akasogeza. Pale pale mkono wa msichana ulitokea ukiwa mzima, na saa yake ikionyesha saa sita na robo. Skrini nayo ilimwonyesha amesimama mbele ya Mkubwa, mdomo wazi, macho makali, na hakuna ambaye angeiita hiyo furaha. Kilichopotea ni sikio la Mkubwa, la upande wa kulia wa picha. Lilianguka juu ya meza, kando ya sukari.

Msichana hakupoteza muda. Alifungua kilemba chake kilichokuwa kimelegea miaka yote hiyo, akakikung'uta, akakifunga upya kwa mikono miwili, akakaza fundo nyuma ya shingo. Ndiyo kwanza anashusha mikono, simu ya mezani ikalia.

Kijana alisikiliza. "Ndiyo, mzee. Ndiyo. Sikio tu, mzee. Hapana, hatukukusudia." Akaweka simu chini. "Familia ya Mkubwa," alisema. "Wana mtu anayeiangalia picha hiyo wakati wote."

Akarudisha kisanduku. Sikio likaondoka mezani na mkono ukakatika tena juu ya kiwiko, lakini kilemba kilibaki kimefungwa vizuri. Chai ilikuwa bado ya moto, na kijana aliwasihi wamalize kabla ya kushuka.

Jioni hiyo Msomi alimpeleka msichana nyumbani. Bibi alikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Wawili hao walitazamana.

"Umenenepa," msichana alisema.

"Na wewe ngoja," Bibi alijibu. "Kaa. Nani kakufunga kilemba hicho?"

"Mwenyewe."

"Kimependeza. Nilikuwa nimesahau namna ya kukifunga hivyo."

Msichana alikaa chini kwenye mkeka, kando ya beseni. Akauliza alichokuwa ameuliza maktaba nzima, na njiani, na kwa kondakta asiyehusika. "Kengele wameshamtoa hospitali?"

Msomi alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Bibi alitazama maji. Kisha akageuza kichwa taratibu, akamwelekezea msichana sikio la kushoto, lile lililokufa.

"Bado, mama," alisema. "Watamtoa."

Msomi aliandika tasnifu yake bila kubadilisha mada. Sura nne zilikuwa na linki za kutosha: ujenzi wa kituo, idadi ya nyaya, hotuba. Sura ya tano ilikuwa ya Kengele, na haikuwa na linki hata moja. Bibi alisimulia na msichana akasahihisha, au msichana alisimulia na Bibi akakataa, wakabishana mpaka majirani wakauliza nani anagombana na nani. Sura hiyo ilikuwa na kicheko cha Kengele, na mwanya wake wa meno ya mbele. Ilikuwa na gauni lake la njano la mikono mifupi, na radi, na kovu la sikio. Msomi aliamini kwamba mtu yeyote akiisoma atainua macho na kusema, haiwezekani kumwacha huyu nje.

Lakini tasnifu hazikuanza kusomwa na mtu. Zilipandishwa kwanza kwenye mfumo wa chuo, na mfumo ulipitia kila aya, ukiikuta haina linki unaiondoa. Msomi alibonyeza *Tuma* pale dirishani. Mstari wa kijani ulitembea, ukasimama, ukatembea. Kisha maandishi yakatokea: *Asante. Kazi yako imesafishwa.* Kilichobaki kilikuwa sura nne. Kichwa cha tasnifu nacho kilikuwa kimerekebishwa kuwa *Pongezi za Wasichana wa Simu*, na ukurasa wa mbele ulibeba ile picha ya mraba. Msimamizi aliisoma, akaisifu kwa utulivu wake, akampa alama ya kupita.

Asubuhi iliyofuata Mkutubi alimpigia Msomi simu. "Njoo," alisema. "Una mgeni. Sijui nimwandikie kadi ya rangi gani, hakutoka gazetini."

Msomi alikuja na Bibi, na msichana akiwa katikati yao. Waliingia mlangoni kwa ubavu. Kwenye majarida alikaa mwanamke kijana ambaye hawakuhitaji kuambiwa ni nani, kwa sababu alikuwa akimcheka golikipa, na kicheko kilisikika mpaka kaunta. Gauni lake lilikuwa la njano, maana liliandikwa la njano. Mwanya ulikuwepo, kovu lilikuwepo. Kwingine kote alikuwa mweupe wa karatasi na mweusi wa wino, na palipokosa maelezo palikuwa patupu kidogo, kama ukurasa kabla haujaandikwa. Alikuwa peku, kwa kuwa Msomi hakuandika viatu.

"Si ulisema watamtoa," msichana alimwambia Bibi.

Bibi alikwenda akakaa kiti cha jirani, upande ule ule aliokuwa akikaa zamani, akaushika mkono wa Kengele na kuuweka mapajani mwake. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

"Umezeeka wewe," Kengele alimwambia.

"Mtu hufanya nini tena," Bibi alisema.

Msomi alirudi kwenye kompyuta. Aliandika jina kamili la Kengele kwenye hifadhi ya gazeti, na hifadhi ikajibu *Hakuna matokeo*. Alifungua tasnifu yake kwenye mfumo wa chuo, akatafuta humo pia, ikajibu vivyo hivyo. Mkubwa alikuwa ukurasa wa mbele, masikio yote mawili, akipokea pongezi.

"Bibi," Msomi aliita. "Viatu vyake vilikuwaje?"

"Vyeusi, vya kufunga kamba. Alivinunua vidogo makusudi ili mguu uonekane mdogo."

Msomi aliandika nusu ukurasa wa viatu, akautuma kama marekebisho. Mfumo ulishukuru na kuusafisha. Viatu vilikuwa chini ya meza, kamba hazijafungwa. Kengele aliviingiza, akainuka, akatembea hadi kwenye rafu ya magazeti na kurudi.

"Vinabana," alisema.

"Siku zote vilikubana!" Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alicheka, akifuta macho kwa kiganja.

Kengele alikaa tena. Aliangalia chumba, madirisha, nusu ya fahali kule nje. "Na mama yangu je?" aliuliza. "Mbona hayupo?"

Msomi alimtazama Bibi. Bibi aligeuza sikio zima, ingawa alikuwa amesikia.

"Mama yake alikuwa mshonaji," alisema polepole. "Walimpelekea habari. Alikuwa njiani anakuja hospitali. Hakumkuta."

"Niandike hivyo?"

Kengele alikuwa akisubiri, mikono juu ya gauni lake. Mwanahistoria, mwanafunzi hasa wa Msimamizi, angeandika hivyo, na Msomi alilijua hilo kuliko wote waliokuwa chumbani.

"Andika amefika," Bibi alisema.

Msomi alisogeza kiti, akaanza kuandika.